Rais wa Veranda na Mahindi ya Naitiri

Mimi ni mtu wa mrengo wa kushoto, na sioni haya kusema hivyo hata katikati ya soko la Kitale. Wanawake wenzangu wanaouza nyanya hunicheka. "Kushoto ni mkono gani tena, mama? Si ule wa chooni?" Nami huwajibu kwamba ndio huo huo, mkono unaofanya kazi ambayo hakuna anayetaka kuitaja, na siku ukikosekana nyumba nzima inanuka. Hapo huniongezea nyanya moja ili niende zangu.

Sikuyatoa hayo vitabuni. Nilisoma kidogo, nikaolewa huku Kitale, nikalima mahindi, nikazika mume, nikaendelea kulima. Lakini masikio ninayo na mdomo ninao, na kwa miaka mingi sasa mimi ni mwanachama wa bunge letu la mtaani, lile linalokaa kila alasiri kwenye veranda ya duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mzee wa Kisikh, kilemba chake cha buluu, Kiswahili chake cha Kitale tupu, maana alizaliwa hapa kabla ya wengi wetu. Alitupa sharti moja tu, tusizibe mlango. Anayekalia mfuko wa saruji ndiye spika. Spika akikupa nafasi unasimama, unasema, unakaa. Ukitukana unanyang'anywa zamu, na ukirudia maneno ya jana unazomewa. Lina nidhamu kuliko mabunge mengine ninayoyaona kwenye runinga.

Siku ninayotaka kuisimulia, hoja ilikuwa hii: tukipata rais wa mrengo wa kushoto, wa kushoto kwelikweli, atafanya nini akishaingia ofisini?

Aliyefungua mjadala alikuwa broka wa mahindi, mwanamume mnene mwenye sauti nzuri, ambaye hununua mahindi yetu wakati hatuna pa kuyaweka na kutuuzia tena wakati hatuna cha kula. Tunapendana, mimi na yeye, kama paka na mbwa waliolelewa jikoni moja.

"Hatafanya kitu," akasema. "Atapewa kiti atakaa, atapewa sahani atakula. Na hata akiwa malaika, bana, atatoa amri asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne karani atakuwa ameshaikalia. Madeni yana wenyewe, pesa zina wenyewe. Ukifika pale juu, kushoto na kulia barabara ni moja."

Watu wakaguna kwa kukubali. Spika akanipa nafasi, nami nikasimama na kikapu changu mkononi.

Kwanza nilimkubalia nusu, kwa sababu mimi si mtu wa ndoto. Nilisema rais wa kushoto hawezi kuleta mvua wala kuizuia. Hawezi kulala na madeni ya taifa akaamka hayapo. Hawezi kuwafuta matajiri kama vumbi la meza, maana siku hiyo hiyo maghala yatafungwa na watakaolala njaa ni sisi. Anayepanda jukwaani na kuahidi hayo ni mwongo, na mwongo wa upande wangu hunikera zaidi kwa sababu ananiaibisha mimi.

"Lakini kitu kimoja anaweza," nikasema. "Anaweza kuamua nani anasimama mbele kwenye foleni."

Wakacheka. Nikawaambia wacheke, wakimaliza tuendelee. Mbolea inaweza kufika kabla ya mvua au baada ya mvua. Dawa zinaweza kuanzia zahanati ya kijijini au zinaweza kuishia huko, zikiwa zimebaki makopo. Foleni zipo tayari, hakuna anayehitaji kuzibuni upya, na kila foleni ina mtu aliyeamua nani awe mbele na nani awe nyuma. Rais wa kushoto ni yule anayekwenda kuuliza ni nani huyo aliyeamua, kisha anabadilisha. Hiyo haihitaji miujiza. Inahitaji mtu asiyechoka na asiyeona haya.

Broka akaruka kabla hata sijakaa. "Sawa, Mama Rais! Kule kwenye ghala kubwa la mjini kuna mashine ya kukausha mahindi. Ililetwa ati kwa sababu ya wakulima wadogo. Sasa mvua inanyesha kwenye mavuno, na mashine inakausha mahindi ya nani? Yangu! Si uende ubadilishe hiyo foleni tuone?"

Ikawa kelele na makofi. Papo hapo bunge likapiga kura nikawa rais wa kushoto wa msimu mmoja. Mwenye duka mwenyewe akaniletea mpini mpya wa jembe niapie. "Apa, mama," akasema, "lakini usiondoke nao, ni wa kuuza." Nikaapa nitawafungulia wakulima wadogo mashine ile, na kwamba sitampendelea mtu. Kile kipande cha mwisho nilikiongeza mwenyewe, kwa mbwembwe tu, kwa sababu watu walikuwa wananitazama.

Nilicheka pamoja nao, lakini njiani kwenda nyumbani kicheko kikaniisha, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumfikiria dada yangu.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa na kiburi. Kwa kawaida wakati wa kuvuna jua huwa limetuhurumia. Tunakata mahindi, tunayasimamisha shambani mafungu mafungu yakauke, tunayapukuchua, tunayaanika juu ya maturubai. Mwaka ule kila alasiri mbingu ilifunguka. Mahindi yaliyobaki shambani yaliota yakiwa bado kwenye gunzi, na walioyapukuchua mapema wakayafunga kwenye magunia walianza kusikia joto wakiweka mkono ndani. Mkulima yeyote anajua maana yake. Mahindi yakipata joto yanapata kuvu, na kuvu ile ni sumu. Inaua mtoto kabla haijamsumbua mtu mzima.

Dada yangu aliolewa Naitiri, upande wa Bungoma. Sote wawili tulizaliwa Myanga, na mama alipofariki mimi nikiwa bado mdogo, yeye ndiye aliyenilea. Sasa analea wajukuu wanne. Ana shamba dogo, hana mshahara, hana biashara, hana mtoto wa kumtumia kitu. Mahindi yale ndiyo chakula cha nyumba yake mpaka mavuno mengine, na yakiharibika, mwaka mzima umeharibika. Kwa hiyo nilipokuwa nimeshika ule mpini nikitoa maneno makubwa, niliyemwona akilini ni yeye na wale watoto.

Kesho yake nilikwenda ghalani, nikafuatana na kundi la wabunge wenzangu na wanawake wa kikundi chetu, tukakaa uani. Meneja wa ghala alikuwa mtu mpole. Alitutolea mabenchi. Nikamuuliza kwa nini mashine ya wakulima wadogo haikaushi mahindi ya wakulima wadogo, akanionyesha sheria iliyobandikwa ukutani: mashine haiwashwi mpaka ijae, kwa sababu inakunywa dizeli ile ile ikiwa imejaa au ikiwa nusu. Broka anakuja na lori, anaijaza mara moja, inawashwa. Mkulima anakuja na magunia yake machache, anaambiwa asubiri, anasubiri mpaka yanaoza.

"Na sisi tukiijaza?" nikauliza.

"Mkiijaza, mama, mnaingia mbele ya kila mtu. Sheria ni ya kujaza."

Kumbe! Tulikuwa tumekuja na hasira za kuvunja lango, na lango halikuwa limefungwa. Hakuna aliyetuchukia. Sheria yenyewe haikuwa na sura mbaya, ni vile tu iliandikwa na mtu mwenye lori. Nikatoka pale nikiwa na furaha ya kipumbavu, nikidhani kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Ili tujaze mashine, ilibidi tuchanganye mahindi, na watu wetu wako tayari kuchanganya kila kitu, hata damu, lakini mahindi hapana. Nyumbani kwetu Myanga baba alikuwa na wake wawili. Mama alikuwa na ghala lake na mama mdogo lake, na baba mwenyewe hakuthubutu kuchungulia lolote. Ghala la mwanamke ni siri yake. Likijaa anafunga, likipungua anafunga vizuri zaidi, ili jirani asijue watoto wake watakula nini mwezi ujao. Kuchanganya mahindi ni kuwafungulia watu mlango. Wataona punje zako ni ndogo, wataona wadudu, wataona uchache. Basi wale wanawake waliokuja nami ghalani wakitamba walianza kuondoka mmoja mmoja. Huyu alisema yake ni meupe, hataki ya njano. Yule alisema ya jirani yana fukusi. Mwingine akasema ukweli: "Mimi naona aibu."

Nilikasirika, sitaficha. Nikasema moyoni, haya ndiyo yanayowashinda marais. Unafika juu, unapambana na wakubwa, unawapiga chenga, unageuka nyuma uwaite watu wako, na watu wako wamekwenda kuoza na mahindi yao kwa heshima.

Kisha nikajiuliza yangu yako wapi. Yalikuwa nyumbani, nimeyafunga.

Asubuhi iliyofuata nikayabeba mpaka uani kwa ghala, nikatandika turubai ambalo mzee wa duka alituazima, nikamwaga kila kitu mbele ya watu. Punje ndogo, zilizopasuka, na fukusi wawili watatu wakikimbia jua. Nilihisi kama nimesimama bila nguo. Halafu mama mmoja kutoka Endebess, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, akainama, akachota kwa mkono, akatazama.

"Woi! Kumbe hata Rais mahindi yake ni ya kuku!"

Vicheko vilivyolipuka pale vilisikika mpaka barabarani. Yeye mwenyewe akafungua gunia lake akamwaga, na yake hayakuwa bora kuliko yangu. Mficha uchi hazai, wakasema, na wakaanza kumwaga. Kufikia mchana turubai moja halikutosha.

Hapo nikaweka masharti, kwa sauti, kila mtu asikie. Kwanza, mahindi yatapimwa kwa chupa na chumvi: unatia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya soda, unatia punje, unatikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana maji, yaingie mashineni. Isipoganda, ni makavu, mwenyewe arudi nayo nyumbani asile nafasi ya mwenzake. Pili, nitatia mkono katikati ya kila gunia. Nikikuta joto na harufu ya kuvu, hilo haliingii, kwa sababu gunia moja bovu litawalisha sumu watoto wa watu wote. Kila mmoja atarudishiwa kwa kadiri alivyoleta.

"Na yakiwa ya mtu wako?" akauliza broka, ambaye alikuwa ameegemea lori lake akisubiri zamu.

"Hata yakiwa ya mama yangu," nikasema. Ni rahisi kumtaja mama, maana mama yangu amelala Myanga miaka mingi.

Mashine ikajaa, ikawashwa, ikanguruma. Lori la broka likasimama nyuma yetu. Nawaambia ukweli, sijawahi kusikia muziki mtamu kama ule mngurumo. Tuliijaza tena na tena, watu wakaja kutoka Endebess, wakaja kutoka mpakani kule, na kila jioni nilimpigia dada yangu simu.

"Ati wamekuchagua Rais, na mnachanganya mahindi?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Tunachanganya, dada. Lete."

"Kama chakula ya msaada? Hapana. Mahindi yangu iko sawa. Nimeweka ndani kwa nyumba."

"Ndani hakuna jua."

"Kuna moto. Wewe mtoto wa mama, ulifundishwa nini juu ya ghala?"

"Mama hakuiona mvua hii, dada."

Akakata simu. Kesho yake nikapiga tena, akaniuliza habari za kuku. Keshokutwa akaniambia anaumwa na mgongo. Sikuelewa wakati ule, au nilielewa nikakataa kuelewa, kwamba alikuwa tayari ametia mkono wake ndani ya magunia na kusikia joto, na kwamba sasa alichoficha hakikuwa uchache.

Alikuja mchana mmoja wenye mawingu, juu ya trela la trekta la jirani, amefunga kilemba chake cha kanisani. Nilipomwona nikajua aibu imemshinda, ameamua kuivaa vizuri. Watu wakamsaidia kushuka. Wote walimjua kuwa ni dada yangu, tunafanana pua. Nikamwamkia, nikafungua gunia la juu, nikatia mkono. Lilikuwa baridi, chumvi ikaganda, sawa. La pili sawa, la tatu sawa. Nikaanza kupumua. Nikatia mkono kwenye la nne.

Joto lile nalijua. Ni kama joto la unga wa mkate uliofunikwa uumuke, ila harufu si ya mkate. Nikatoa konzi ya punje, nikaziona zimeshikana kwa uzi wa kijani. La tano vile vile. Lililofuata vile vile. Yote ya chini, yote.

Dada akanisogelea. Akaongea kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, midomo yake haikusogea sana. Aliniambia nisiseme kwa sauti. Aliniambia nichanganye tu, maana mashine ni kubwa, mahindi ya watu ni mengi, yake yatapotea ndani ya mengine na hakuna atakayejua.

Na ilikuwa kweli. Yangepotea, na hakuna ambaye angejua. Wale watoto wanne wa Naitiri wangekula mwaka mzima, na ile sumu ingegawanywa kidogo kidogo kwa watoto wa watu wote waliosimama pale, waliokuwa wamenifungulia maghala yao kwa sababu niliwaambia waniamini. Broka alikuwa anatazama. "Damu ni nzito kuliko maji, mama," akasema, na hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayejua dunia ilivyo na anayekuonea huruma kwa kuchelewa kuijua.

"Haya hayaingii," nikasema kwa sauti.

Dada akaniangalia. "Sema tena."

"Hayaingii, dada. Matatu ya juu yanaingia. Haya mengine hapana."

"Nilikubeba mgongoni kutoka Myanga mpaka hospitali ya Bungoma. Mvua ikininyeshea."

"Najua."

"Ulikuwa unatapika kwa shingo yangu."

"Najua, dada."

"Na hii hayaingii."

"Hayaingii."

Nilikuwa nalia, na sikujali nani ananiona. Yeye hakulia. Akamgeukia mwenye trekta akasema, "Shusha yote. Siwezi rudi nayo. Nikiwa na njaa nitaipika." Watu wakachimba shimo nyuma ya ghala, na dada yangu akasimama pale akitazama mahindi yake yakifukiwa mpaka gunia la mwisho. Halafu akapanda trela tupu. Hakuniaga. Aliaga kila mtu mwingine.

Nilirudi mashineni nikaendelea kupima, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Sikujuta. Iliniuma, na kuuma na kujuta ni vitu viwili.

Yale yaliyotokea jioni ile sikuyaamuru. Mashine ilipozimwa na kila mtu akapimiwa chake, yule mama mrefu wa Endebess alichukua gorogoro, lile kopo tunalopimia nafaka, akachota kutoka kwenye gunia lake mwenyewe, akamwaga ndani ya gunia tupu. Hakusema ni la nani. Akampa kopo aliyekuwa nyuma yake. Yule naye akachota. Kopo likapita mkono kwa mkono, na wengine walikuwa watu ambao siku chache kabla hawakutaka punje yao iguse ya jirani. Nilitaka kusema kitu, meneja akanishika bega nikanyamaza. Ni vizuri nilinyamaza. Rais akiamuru huruma, huruma inageuka kodi. Yeye kazi yake ni kuwakusanya watu mahali pamoja, kwa sheria wanayoiona inamuuma hata aliyeitoa, na baada ya hapo ajiondoe njiani.

Broka alijikuna shingo, akatazama kando. Hakuchota. Lakini gunia moja lilipozidiwa, yakajaa kadhaa, akasema lori lake liyapeleke Naitiri, ati lilikuwa linapita huko. Tangu nimjue lori lile halijawahi kupita Naitiri.

Bungeni, mvua ilipokwisha, alinishambulia kama kawaida. "Ni mashine moja," akasema. "Msimu mmoja. Nchi ni kubwa, Mama Rais. Huko juu hakuna turubai la kumwagia."

"Lipo," nikasema. "Linaitwa bajeti. Na hakuna anayetaka kumwaga ya kwake kwanza."

"Na mwakani ukichoka?"

"Mwakani aape mtu mwingine. Hata wewe. Sheria tumeibandika ukutani, wakulima wadogo wakijaza pamoja wanaingia mbele, na meneja ametia muhuri. Mimi nikifa leo, ile karatasi haifi."

Akacheka, akakaa. Hajabadilika, bado ananunua rahisi na kuuza ghali, na siku hizi akija ghalani anapanga foleni nyuma yetu akiwa na kiti chake cha kukunja. Hayo ndiyo ninayojibu nikiulizwa rais wa kushoto anaweza nini. Anaweza karatasi ile ukutani, anaweza foleni ile. Si kidogo. Nimeona watoto wakila kwa sababu yake.

Ila Naitiri nilikuwa sijaenda. Nilituma salamu, hazikujibiwa. Simu ililia ikakatika. Mimi ambaye nilisimama mbele ya malori niliogopa kusimama mbele ya mlango wa jiko. Mwisho nikajiambia, mama, utaogopa mpaka lini, nikanunua sukari na majani ya chai nikaenda.

Nilimkuta anapika. Wajukuu walinirukia, wameshiba, wana vumbi, wana kelele. Yeye hakuinua macho. Alisonga ugali kwa nguvu, akaugeuza kwenye sinia, na nikaona si mweupe kama ule aliozoea, una vidoadoa vya njano, vya mashamba ya watu wengi. Akaniwekea kipande kikubwa kuliko changu cha kawaida, na mboga ya kunde.

"Kula."

Nikala. Watoto wakamaliza, wakatoka nje.

"Siku ile," akasema akiangalia moto, "njia yote kutoka hapa nilikuwa naomba Mungu upitishe hayo mahindi."

"Nilijua, dada."

"Ungepitisha, ningekushukuru. Tungekula." Akanisogezea bakuli la mboga. "Lakini kura yangu, Rais, hungeiona mpaka nife."